Herufi Zinazopangwa kwa Kichwa

Mwaka ule wa 2007, watu wakiniuliza kazi yangu nilikuwa nasema nachapa kadi, maana nikisema nachora herufi maswali hayaishi. Fundi viatu aliyekaa nje ya mlango wetu ndiye pekee niliyemwambia ukweli, na jibu lake lilinifunza kunyamaza. Aliniuliza kama kweli herufi zilikuwa bado hazijaisha kuchorwa miaka yote hii tangu shule zianze. Nikamwambia nyingine zilisahaulika. Akacheka, akanisihi nisije nikaongeza mpya, watoto wenyewe wanatatizika na hizi zilizopo.

Duka letu la uchapaji lilikuwa katika barabara moja ya Nakuru inayoteremka kuelekea stesheni ya reli, limebanwa kati ya agroveti, duka la mbegu na dawa za mifugo, na duka la mabomba ya maji. Mashine zilikaa chini. Mimi nilikaa juu, kwenye chumba chenye dirisha moja, na kompyuta iliyokuwa ikinguruma kana kwamba inasaga mahindi. Mwenye duka alikuwa mtu mpole asiyependa kupanda ngazi, kwa hivyo siku nyingi niliona watu wawili tu: yeye asubuhi akinipa kazi, na yeye jioni akifunga mlango.

Kazi yenyewe ilikuwa karatasi za mazishi, kadi za harusi, vitabu vya risiti na kalenda za makanisa. Watu walishuka kutoka Dundori na jina la marehemu limeandikwa kwa kalamu, lina vile vialama vidogo juu ya i na juu ya u ambavyo Kikikuyu hakisomeki vizuri bila hivyo, na kompyuta yetu haikuwa navyo. Mchapaji aliyenitangulia alikuwa akiviacha tu. Mimi nilijaribu kuviongeza kwa kalamu, karatasi moja moja, baada ya kuchapa, mpaka nikachoka na nikakasirika. Niliona ni aibu mtu azikwe na jina nusu.

Hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye fonti. Nilipata programu ya kuchorea herufi kwenye CD ya kuazima, na nikajifunza peke yangu, kwa kukosea. Herufi kwenye kompyuta ni mstari tu unaozunguka, wenye nukta hapa na pale. Ukivuta nukta, mstari unakunjika. Unaweza kukaa mchana mzima unavuta tumbo la herufi moja, unasogea nyuma kuitazama, unarudi, na mtu akiingia akakuta unatazama "a" kubwa iliyojaa skrini ataona unapoteza wakati. Kwa bahati, hakuna aliyeingia.

Niseme wazi kwamba nilikuwa mpweke, na kwamba kazi hii ilinifaa kwa sababu hiyo. Baba yangu alikuwa Mkikuyu wa Dundori na mama yangu Mkalenjin wa Kuresoi. Wakiwa hai nilikuwa na nyumbani kuwili. Walipofariki, niligundua kwamba kwa watu wa Dundori nilikuwa binti wa yule mama wa Kuresoi, na kwa watu wa Kuresoi nilikuwa binti wa yule baba wa Dundori. Hakuna aliyenifukuza. Walinikaribisha kwa chai, wakaniuliza habari za upande ule mwingine, wakanisindikiza mapema ili nisichelewe gari. Baada ya muda niliacha kwenda, na hakuna aliyepiga simu kuuliza kwa nini.

Mama huyu ninayetaka kusimulia habari zake alikuja jakaranda zilipoanza kudondosha maua. Yeye alipanda ngazi. Nilimsikia akipanda pole pole, akipumzika katikati, akiongea na nafsi yake kwa lugha nisiyoijua. Alikuwa mjane wa Kihindi, Mgujarati, mwembamba, amevaa sari nyeupe ya wajane na sweta ya kijivu juu yake, na raba za michezo miguuni. Aliishi ghorofani nyuma ya soko, juu ya duka ambalo zamani mumewe aliuza vitambaa na ambalo sasa lilikuwa la mtu wa simu. Mwanawe alihamia Nairobi. Mjukuu wake wa kike angeolewa huko Nairobi mwanzoni mwa mwaka.

Kadi za harusi zilikuwa tayari zimechapwa Nairobi, kwa Kiingereza, zina dhahabu na utepe. Alinionyesha moja, ameishika kwa pembe. Alisema ni nzuri. Kisha akaiweka kando akaniambia kwamba hiyo ni kadi tu, si kankotri.

Kankotri, alinieleza, ni mwaliko wa harusi ulioandikwa kwa Kigujarati, kwa wino mwekundu. Juu kabisa unamtaja mungu, kisha wazee wa ukoo, hata waliokufa, kwa sababu wao ndio wanaoalika. Ya kwanza huwekwa mbele ya mungu wao mwenye kichwa cha ndovu, maana yeye ndiye mgeni wa kwanza. Baada ya hapo unawapelekea jamaa kwa mkono wako. Ya harusi yake mwenyewe ilichapwa papa hapa Nakuru, kwa herufi za madini ya risasi zilizopangwa moja moja, na mchapaji aliyezimiliki alikuwa ameziuza kama vyuma chakavu miaka mingi iliyopita. Mwanawe alimwambia siku hizi hakuna anayeweza kusoma kitu kama hicho. Yeye alijibu kwamba yeye anaweza.

"Hii iko ya mwisho," aliniambia. "Baada ya mimi hakuna mtu ataandika. Nataka niite watu mara moja, na herufi yangu, na mkono yangu. Basi."

Hilo ndilo alilotaka, wala hakuwahi kutaka lingine. Mwenye duka alikuwa na fonti moja ya Kigujarati ambayo mteja fulani aliiacha, nikamchapia mfano. Mama aliuvalia miwani, akautazama, akaurudisha mezani.

"Hii ni ya sanduku ya dawa," akasema.

Alisema kweli. Zilikuwa herufi zilizochorwa na mtu aliyekuwa na haraka, nyembamba mahali pote, na zikiwekwa karibu na Kiingereza zilionekana kama watu wawili waliokutanishwa kwenye benchi la hospitali. Nikamwambia nitamchorea zake. Sijui niliyatoa wapi maneno hayo. Nilikuwa nimechora vialama vya i na u, na alfabeti moja ya Kilatini niliyoipenda peke yangu. Kigujarati sikujua hata kinaanzia wapi. Aliniuliza kama najua kusoma. Nikasema hapana. Akanitazama, akaniambia nije nyumbani kwake kesho saa tisa, na nisile kabla ya kuja.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kwenda. Mwenye duka hakujali, bora kazi ya asubuhi iwe imeisha. Mama alinitolea ile kankotri ya harusi yake, imekunjwa ndani ya kitambaa, na barua za dada yake aliyekuwa India, nikazipiga picha zote kwa skana ya dukani. Kisha aliniandikia alfabeti nzima kwa kalamu ya wino, polepole, akitaja sauti ya kila moja. Programu yetu ya kupanga kurasa haikujua Kigujarati, kwa hivyo nilifanya kama walivyofanya wote wakati ule: niliificha kila herufi yake nyuma ya kitufe cha Kiingereza. Sauti ya "k" nikaiweka kwenye kitufe cha k. Zilizozidi nikaziweka kwenye herufi kubwa, na kwenye alama ya nyota, na popote palipobaki. Kwangu mimi herufi hizo hazikuwa sauti. Zilikuwa mahali pa kuweka kidole.

Nilichora wiki nyingi. Nilizipenda. Zina mikunjo mingi inayorudi ndani, na nyingine zinamalizika kwa kijiti kilichosimama wima, na vokali hazikai kwenye foleni bali zinarukia juu, au zinajificha chini, au zinasimama mbele wakati zinatamkwa nyuma. Nilijisifu kimoyomoyo. Nilichapa ukurasa mzima wa majaribio, nikaubeba chini ya sweta kwa ajili ya mvua, nikaupeleka.

Mama aliutazama kwa muda mrefu sana. Akaugeuza juu chini. Akaurudisha. Aliniuliza kwa nini nimezisimamisha.

Sikuelewa. Kwa mtu aliyesoma shule zetu, herufi husimama. Darasa la kwanza mwalimu anakuchorea mstari na unaambiwa kila kitu kikae juu yake kisianguke. Kwa hivyo nilikuwa nimezipanga zake zote kwa miguu, kila moja imekanyaga mstari wa chini sawasawa, na kwa kuwa hazilingani kwa urefu vichwa vilikuwa vimepanda na kushuka. Mama hakueleza zaidi. Alichukua rula, akapiga mstari kwenye karatasi, kisha akaanza kuandika chini yake. Kila herufi ilianza kwa kuugusa mstari na kushuka. Zile ndefu zilining'inia sana, fupi kidogo, na hakuna aliyejali miguu imefika wapi.

"Yako inasimama," alisema. "Yangu inashika juu."

Nilikaa hapo nikijiona mjinga, naye akaniletea chevda, vile vitafunio vyao vya njugu na pilipili, na chai ya tangawizi, na akacheka mpaka sweta ikatikisika. Aliniambia kwamba kwa mwezi mzima nilikuwa nimewafanya babu zake wote waonekane wamelewa.

Nilirudi nikaanza upya. Kuzipanga zake kwa kichwa haikuwa kazi ngumu. Ngumu ilikuwa kuziweka kwenye mstari mmoja na zetu. Mama alitaka majina ya mahali yawe pia kwa Kiingereza, ili dereva wa teksi wa Nairobi asipotee. Sasa huyu anasimama sakafuni na huyu amening'inia darini, unawaketisha vipi pamoja? Nilijaribu kuwalazimisha walingane kwa urefu na wote wakawa wabaya. Nilichogundua mwishowe ni kwamba hawahitaji kulingana. Nilizipunguza herufi kubwa za Kiingereza zisijitutumue, nikazipa za pande zote mbili unene ule ule wa wino, nikaacha nafasi ya kutosha kati ya mstari na mstari ili vokali za juu zisigongane na vijiti vya chini. Kila moja ilibaki na adabu yake. Ukiutazama ukurasa kwa mbali, macho yakiwa nusu wazi, ulionekana rangi moja.

Alasiri zile nilikuwa na furaha, nisifiche. Mama alikuwa mkorofi kazini. Alinirudishia herufi moja mara nyingi hadi nikaanza kuichukia. Alisema tumbo lake lina njaa, kisha limeshiba mno, kisha akakubali na kusema ndivyo dada yake anavyoiandika. Alinichapa mkono nilipoweka kikombe juu ya karatasi. Nikirudi chumbani kwangu jioni, nilikuwa bado naisikia sauti yake, na hicho kilikuwa kitu kipya, kwa sababu kwa miaka kadhaa sauti niliyoisikia chumbani ilikuwa ya redio ya jirani.

Kankotri zilichapwa Desemba, kwenye karatasi ya rangi ya maziwa, wino mwekundu. Nilimpelekea kwenye boksi. Alisimama dirishani na moja, akaisoma yote kwa sauti, kidole kikipita juu ya herufi, si chini yake kama tunavyofanya sisi. Alipofika kwenye majina ya wazee alisita kwenye la mumewe, akaendelea. Alipomaliza hakusahihisha kitu. Alisema angesafiri mara tu baada ya mwaka mpya, awape jamaa kwa mkono wake mwenyewe, maana wangekuwa wamekusanyika Nairobi kutoka Mombasa na Kisumu na Uingereza. Alinipa mkono wake nikaushika. Nilitembea kurudi nikiwa mwepesi.

Yaliyotokea baada ya kura ya urais, makabila yalipogeukiana, kila mtu wa Nakuru ana yake, nami sitaki kusimulia ya wenzangu. Maduka yalifungwa. Moshi ulipanda upande huu na ule wa mji. Ploti niliyokaa ilikuwa na vyumba vingi kuzunguka ua mmoja, na kila asubuhi mlango mwingine ulikuwa na kufuli. Waliokuwa na watu wao juu, upande wa Dundori, walielekea huko. Waliokuwa na watu wao upande wa Molo na Kuresoi wakatafuta njia ya kwenda huko, na wengine kutoka huko huko walikuwa wakiingia mjini na magodoro vichwani. Jirani yangu, mwanamke mwenye watoto, alinikuta kwenye mfereji wa maji siku aliyoondoka. Alikuwa na haraka lakini alisimama.

"Wewe unaenda wapi?" aliniuliza.

Nilimwambia nipo tu. Akasubiri kidogo kana kwamba kuna sehemu ya pili ya jibu, kisha akabeba mtoto akaenda.

Nilikaa. Sikuwa jasiri, sikuwa na pa kwenda. Wenye ploti hii waliweza kunidhania wa huku, na wale waliopita barabarani waliweza kunidhania wa kule, na mimi mwenyewe kama ningeulizwa sijui ningejibu kwa lugha gani. Simu niliiweka kwenye mto wa kulalia. Kadi za kuongezea salio zilikuwa hazipatikani na nilijiambia ndiyo sababu watu hawapigi. Kompyuta ilikuwa dukani, nyuma ya mlango uliofungwa, kwa hivyo nilichora kwa penseli nyuma ya kalenda za mwaka uliopita: mstari, na herufi za mama chini yake. Nilizijua zote kwa umbo. Sikuweza kuandika nazo hata neno moja. Hilo lilinijia siku hizo na likaniuma kuliko nilivyotarajia, kwamba najua kuchora lugha mbili za wazazi wangu na moja ya mama huyu, na sina wa kumwandikia kwa yoyote kati ya hizo.

Mambo yalipotulia kidogo, likafunguliwa duka moja hapa na kioski kule, nilitembea hadi nyuma ya soko. Sikujua kama nitamkuta. Mwanawe angeweza kuwa amemtuma mtu amchukue. Mtu wa simu alikuwa amefunga, lakini juu pazia lilikuwa wazi, nikapanda nikabisha, nikaita ili asiogope.

Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na boksi. Boksi lilikuwa limefungwa kwa kamba tayari kwa safari, na kamba ilikuwa vile vile. Alinieleza bila kuniangalia. Mwanawe alipiga simu. Barabara ya Naivasha, ya kwenda Nairobi, haipitiki, asithubutu. Wageni wa Uingereza hawaji, wa Kisumu wamekwama. Harusi haiwezi kuahirishwa, kuhani wao alikwisha kuitafutia siku na saa kwenye nyota, na bwana harusi anahitaji kurudi kazini ng'ambo. Itafanywa ndani ya nyumba, watu wachache, na yeye atasikiliza kwa simu.

Nilimwambia pole. Nilimwambia kankotri tunaweza kuzituma baadaye, kama kumbukumbu. Nilijua ni maneno ya kijinga hata nikiyatamka.

"Mimi sijaita mtu," alisema. "Karatasi yote hii, na sijaita hata mtu moja."

Kisha akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake yenye raba kwa sababu sikujua pengine pa kukaa, na nikalia pia, na si kwa ajili yake tu. Nje mtu alikuwa akivuta mlango wa bati wa duka kuufungua au kuufunga, huwezi kujua kwa sauti.

Baada ya muda alifuta macho kwa pembe ya sari na kunituma nilete kisu. Akaikata ile kamba. Alichukua kankotri ya kwanza akaingia nayo kwenye kichumba cha maombi, nikasikia kengele ndogo ikilia. Aliporudi alichukua ya pili, na bahasha, na kalamu yake ya wino. Alipiga mstari kwa rula kwenye bahasha. Akaandika chini yake, polepole. Akachovya kidole kwenye unga mwekundu, akapaka alama pembeni, na akanyanyuka kitini, jambo ambalo halikuwa rahisi kwake, ili anipe akiwa amesimama, kwa mikono miwili.

Nilidhani ananituma niipeleke mahali. Nikamwuliza ni ya nani.

"Soma," alisema.

Nilimwambia anajua siwezi. Akakaa na kukunja mikono, kama alivyofanya kila nilipomletea herufi mbaya. Basi nikaitazama. Herufi ya kwanza niliifahamu, niliivuta tumbo lake kwa siku nyingi. Nikakiuliza kidole changu kingeigonga wapi. Ya pili ilikuwa na vokali yake juu, nikaitafuta pia. Nilisoma hivyo, vidole vyangu vikigonga goti kana kwamba kompyuta iko mbele yangu, nikitamka kila sauti ya kila kitufe, na sauti ziliposhikana nikasikia jina langu. Jina langu, na la baba, na hata lile la Kikalenjin alilonipa mama yangu, ambalo nilimtajia mama huyu mara moja tu wakati wa chai na sikudhani aliliweka.

Nilikuwa nimeandika majina ya wafu wengi wa bonde hili, nikiyapanga vizuri, nikiyapa vialama vyake. La kwangu hakuna aliyekuwa amelipanga.

Palibaki neno moja mwishoni. Nililigonga nalo gotini, likatoka "saparivar", na halikuwa jina la mtu ninayemjua. Nikamwuliza ni nini.

"Na watu yako yote ya nyumbani," alisema.

Nilimwambia, polepole ili nisimvunje moyo, kwamba mimi sina watu. Anajua. Angeandika jina tu.

"Haiandikwi bila hiyo," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya kazini. "Mtu haitwi peke yake. Wewe kuja. Siku ya harusi, hapa, saa sita. Mimi napika."

Niliibeba bahasha ndani ya nguo, si kwa sababu ya mvua. Chumbani niliiegemeza kwenye dirisha. Zile siku zilizobaki hali ilichafuka tena upande wa Naivasha, na kulikuwa na asubuhi ambazo hata mferejini sikwenda. Nilikuwa nikilisoma lile neno la mwisho na kukasirika. Nilimkasirikia mama, kwa kuliandika akijua, na nikawakasirikia wa Dundori na wa Kuresoi kwa mara ya kwanza kwa sauti, peke yangu, chumba kizima kikinisikia. Nilifikiria nisiende. Nilijiona nikipanda zile ngazi na mwaliko wa watu wengi mkononi, halafu mtu mmoja.

Siku yenyewe mji ulikuwa kimya. Nilivaa gauni la kanisani, nikajipaka mafuta, nikaizima simu iliyokuwa haijalia. Njiani nilikutana na watu wachache na kila mmoja alitazama chini. Nilipofika nyuma ya soko nilisikia harufu ya samli na iliki kabla sijaanza kupanda, na juu, kupitia mlango, nilisikia simu yake ikitoa sauti za mbali, ngoma na mtu akiimba, harusi ya Nairobi ikiendelea ndani ya spika ndogo.

Nilibisha. Alifungua. Alikuwa amevaa sari ya kijani yenye ukingo wa dhahabu, nami sikuwahi kumwona na rangi. Nyuma yake sakafuni mkeka ulikuwa umetandikwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake sahani za chuma zimepangwa safu mbili, na kila moja ilikuwa na kitu tayari. Hakunisalimu mara moja. Alichungulia ngazini nyuma ya bega langu, chini kabisa, mpaka kwenye mlango wa barabarani.

"Ni mimi tu, mama," nikasema.

"Najua," alisema.

Mlango ulikuwa wa vipande viwili na mimi siku zote nilipita kwenye kimoja. Akainama kwenye kile cha pili na kuanza kuvuta komeo la chini. Lilikuwa limeshika kutu, pengine tangu mwili wa mumewe utolewe humo. Nilimwambia aache, nitapita, nafasi inanitosha. Aliendelea kuvuta. Basi nikainama nami, tukalishika pamoja, mikono yake juu ya yangu, mpaka likaachia. Akaufungua mlango wote kama unavyofunguliwa watu wengi wanapokuja, kisha akaniambia niingie.